Kipande cha Patipati Chini ya Kifuniko

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo nikiikumbuka masikio bado hunichoma. Ilikuwa siku ya soko kwetu Bumula, kule Bungoma, jua la saa sita liko utosini, nami nimesimama mbele ya watu nimeshika taa ya mafuta inayowaka. Taa, mchana kweupe! Watu wamerudi nyuma hatua kumi, wanangoja inilipukie. Keti hapo kwenye gunia nikueleze nilifikaje pale, maana naona umeniletea pikipiki kuukuu na neno lako la kwanza ni kwamba kabureta imekufa. Neno hilo nikilisikia huanza kucheka kabla hata sijaiona pikipiki yenyewe. Usikasirike. Najicheka mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejifunza kazi miaka mitatu hapa hapa Kitale, kwa Fundi Abdalla, mzee aliyekuwa na kibanda hiki karibu na msikiti kabla hakijawa changu. Alikuwa mtu mpole, na kwa macho yangu ya ujana, mtu wa polepole kupita kiasi. Pikipiki ikiletwa hashiki spana. Kwanza atamketisha mwenyewe, amuulize: inazima wapi? Inazima baada ya muda gani? Mvua ilinyesha? Nani aliyeigusa mwisho? Wakati huo mimi nimekwisha kamata bisibisi, mikono inaniwasha. Niliona anapoteza muda kwa mazungumzo. Basi siku moja nikajiona nimeiva, nikamuaga, akanipa spana tatu na dua, nikarudi kwetu Bumula kufungua gereji yangu.

Gereji yenyewe ilikuwa turubai moja kando ya kinu cha kusagia mahindi. Lakini fundi wa pikipiki pale nilikuwa peke yangu, na debe tupu haliachi kuvuma. Wanaume wakisubiri unga wao walikuwa wakiketi kunitazama nikifanya kazi, nami nilikuwa nikifanya kazi kwa kutazamwa.

Pikipiki siku hizo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole: ya padri, ya bwana shamba, na ya Mwalimu Barasa. Ya mwalimu ndiyo iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Tangi lake jekundu lilikuwa limebabuka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Akaniletea wakati wa mvua nyingi.

"Fundi Wekesa," akasema, "hii kitu inanimwagia petroli kwa suruali, na mvua ikinyesha maji inaingia kwa tangi. Si unitafutie dawa, bana?"

Mpira wa ndani ya kifuniko cha tangi ulikuwa umeoza. Mpira mpya ungetafutwa mbali. Nikachukua patipati nzee, zile ndara za mpira, nikakata duara kwa wembe, nikalibandika ndani ya kifuniko na kukikaza. Tukamwaga maji juu ya tangi, na hakuna tone lililoingia. Patipati zimetuokoa sana sisi watu wa Bungoma: tumezifanya breki za baiskeli, bawaba za mlango, hata magurudumu ya magari ya watoto. Mwalimu alifurahi, nami nilifurahi kumshinda. Wale wa kinu walisema, "Huyu kijana ana akili."

Siku nne baadaye Mwalimu alirudi akiisukuma, jasho linamtoka.

"Inaenda vizuri kabisa, halafu inakohoa, inazima," akasema. "Nikingoja kidogo, inawaka. Nikienda tena kidogo, inazima."

Mwanangu, pale mgonjwa alikuwa amejieleza mwenyewe maradhi yake yote. Mtu wa kusikiliza ndiye aliyekosekana. "Hiyo ni kabureta, Mwalimu," nikatangaza, na sauti nikaipandisha ili wa kinuni wasikie. Kabureta, kama hujawahi kuiona ndani, ni kile kikombe ambamo petroli huchanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndani yake mna jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba sana, na petroli hupimwa na tundu hilo. Mimi nililiona jembamba mno, nikalichokoa kwa uzi wa waya wa breki. Nikafunga kila kitu, nikafungua kifuniko cha tangi kutazama kama mafuta yapo, nikakifunga, nikapiga kiki. Ikawaka na kunguruma vizuri. Mwalimu akaondoka akinipungia mkono, na kesho yake akarudi akisukuma.

Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu wale wa kinu walianza kutazamana na kutabasamu. Wazee walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilihitaji jua la kulisingizia, nikalipata kwa Mama Nafula.

Mama Nafula alikuwa mjane. Alikuwa na meza yake ukingoni mwa soko, akiuza petroli kwa chupa na mafuta ya taa kwa kipimo. Karibu kila nyumba ya Bumula iliwasha taa kwa mafuta yake, na watoto wake wanne walikula na kusoma kutokana na meza ile. Mwalimu Barasa alinunua petroli kwake. Siku ile nilipofungua kabureta mara ya tatu, chini ya kile kikombe niliona matone mawili ya maji. Ni maji ya mvua yaliyoingia kabla ya patipati, ungeyatarajia. Lakini mimi niliinua kikombe juani, nikakinusa kama daktari, nikasema kwa nguvu, "Petroli hii imechanganywa! Huyu Mama Nafula anatuuzia takataka."

Sentensi moja tu. Nikarudi kufuta spana zangu.

Jioni ile maneno yalikuwa yamekua: amechanganya petroli na mafuta ya taa. Kesho yake yakageuka: basi hata mafuta ya taa ameyachanganya na petroli. Siku ya tatu taa ilikuwa imekwisha kulipuka katika nyumba fulani, ingawa hakuna aliyeijua nyumba yenyewe. "Lisemwalo lipo," watu wakaambiana, "na kama halipo laja." Methali nyingine ni tamu mdomoni, lakini uzichunge kama mbuzi, zisije zikaingia shamba la mtu. Nani atapeleka nyumbani mafuta yatakayowachoma watoto wake? Watu wakaanza kutembea hadi Bungoma mjini kununua mafuta ya taa, na meza ya Mama Nafula ikashinda imejaa.

Alinijia gerejini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Wekesa, mwanangu, ni wewe ulisema hiyo maneno?"

"Mimi nilisema kile niliona, mama."

"Uliona mimi nikichanganya?"

Niliinamia gurudumu nikajifanya natafuta kitu. Alisimama kidogo, akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake.

Wiki hiyo Mwalimu naye alichoka. "Hii imekushinda," akaniambia. "Peleka kwa mzee wako Kitale." Nikapanda pikipiki asubuhi. Nilipofika Bungoma mjini nikamwaga petroli yote ya tangini, nikajaza nyingine mpya kwenye kituo cha mafuta. Nikasema moyoni, sasa tutaona. Tukaona kweli: kabla sijafika Webuye, pikipiki ilikohoa ikazima.

Nilikaa kando ya barabara nikiitazama. Ndani ya tangi hapakuwa na hata tone la Mama Nafula. Hapo hapo nilijua kwamba nimemsingizia. Sitakudanganya ati nilikuwa sijui, nilijua kabisa. Lakini nilifungua tangi, nikatazama mafuta, nikafunga, nikapiga kiki, nikaendelea na safari, na ile habari nikaikalia. Ilizima tena Kamukuywa na tena Kiminini, na kila mara nilifanya vile vile.

Fundi Abdalla alinipokea kwa chai ya tangawizi. "Karibu, Wekesa. Keti kwanza."

Na mimi, mwanangu, pamoja na yote niliyoyajua, bado nilifungua kinywa nikasema, "Ni kabureta, mzee. Na petroli ya kwetu mbaya, kuna mama mmoja huko anachanganya." Uongo ukishaupa kiti nyumbani kwako, huamka kabla yako kupokea wageni.

Mzee akapuliza chai yake. Akaniuliza, "Ikizima, wewe hufanya nini?"

"Nafungua tangi, naangalia mafuta."

"Yapo?"

"Yapo."

"Halafu?"

"Nafunga, napiga kiki, inawaka."

Akacheka kidogo ndani ya kikombe. "Basi dawa umekuja nayo njia nzima. Hebu nenda ukazunguke nayo mpaka izime, uirudishe bila kugusa kitu."

Nilizunguka, ikazima, nikaisukuma kurudi. Akaniambia niinamishe sikio karibu na kifuniko, nikifungue polepole. Nilipolegeza tu, nikasikia *fyuuu*, hewa ikikimbilia ndani ya tangi, kama mtu aliyezamishwa majini akatoa kichwa nje. Fundi Abdalla akanyoosha mkono, akakigeuza kifuniko, akachomoa duara langu la patipati kwa kucha.

"Mama yako akifungua mkebe wa maziwa, hutoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"Kwa nini asitoboe moja?"

Nilikitazama kile kifuniko mkononi mwake.

"Moja la maziwa kutoka, jingine la hewa kuingia. Kifuniko cha tangi kina tundu lake la kupumulia. Wewe umeliziba. Petroli inashuka, inashuka, hewa haiingii, mwisho inagoma kushuka. Injini inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Nani aliyekigusa kifuniko hiki mwisho?"

"Ni mimi, mzee."

Kisha akaifungua kabureta, akaishika jeti juu kwenye mwanga, akasonya. Tundu nililolichokoa kwa waya lilikuwa limepanuka. Alinieleza kwamba sasa, hata hewa ikipita vizuri, pikipiki ingekunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi na kutoa moshi mweusi. "Jeti hupulizwa," akasema, "haichokorwi." Akatafuta katika mkebe wake wa vyuma vya zamani, akapata jeti nyingine ya kufanana, akaitia. Akalitoboa duara la patipati katikati, akalisogeza tundu lilingane na lile la kifuniko, akalirudisha. Kazi ikawa imekwisha. Mimi nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

"Na huyo mama?" akauliza.

"Mama yupi?" nikasema, ingawa nilimjua vizuri sana.

Akaweka bisibisi chini, akanikazia macho. Ikanibidi nimweleze yote: ile sentensi moja, taa zilizolipuka bila nyumba, meza inayoshinda imejaa, na kule kando ya barabara ya Webuye. Adhana ikaadhiniwa. Mzee akanawa mikono, akaenda kusali, akaniacha na pikipiki. Nadhani sijawahi kungoja mtu atoke kusali nikiwa na hofu kama ile.

Aliporudi aliketi karibu nami.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Jeti uliiharibu, nikakupa nyingine. Jina la mtu halina spea, Wekesa. Hakuna duka utaingia uulize. Ulimsemea wapi?"

"Kwa kinu, mbele ya watu."

"Na watu wengi kuliko pale hupatikana wapi?"

"Sokoni."

"Basi nenda ukangoje siku ya soko," akasema, akaanza kuokota spana zake.

Safari ya kurudi pikipiki haikuzima hata mara moja. Ingezima ningeshukuru, maana nilitaka kuchelewa.

Siku ya soko niliazima taa kwa shangazi yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mama Nafula. Nikamwomba mafuta ya taa ya kujaza taa moja. Akaniangalia tangu viatu hadi kichwa. "Nikuuzie takataka?" akauliza. Nikamwambia, "Niuzie, mama, tafadhali." Akapima. Ndipo nikawageukia watu nikapaza ile sauti yangu ya kinuni. Nikawaambia kwamba Mwalimu Barasa pikipiki yake ilizibwa pumzi na mimi, nikawaonyesha kipande kingine cha patipati na jinsi nilivyokibandika. Nikasema petroli ya Mama Nafula haikuwa na kosa, na kwamba nilijua hivyo tangu Webuye nikanyamaza.

"Ati patipati?" mtu akapiga kelele, na soko zima likacheka. "Wee fundi bana, umetuuza!" Nilistahili.

Lakini kicheko hakikumuuzia Mama Nafula kitu. Mzee mmoja mwenye bakora akasema, "Petroli sawa, tumesikia. Na mafuta ya taa je? Mimi niko na wajukuu kwa nyumba."

Hapo ndipo nilipoijaza taa na kuiwasha, nikaishika mbele ya kifua changu. Watu wakarudi nyuma. Na nikuambie jambo la aibu: mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Uongo nilioupanda kwa mkono wangu ulikuwa umenirudia, hata nikawa siuamini moyo wangu uliojua ukweli. Nilisimama. Taa ikawaka taratibu, moto wake haukuonekana vizuri kwa jua. Mkono ulianza kuuma. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyesogea. Mchuuzi wa nyanya aliacha kupanga nyanya zake. Sijui nilisimama muda gani, ila kinu kilikuwa kimesaga gunia la mtu likaisha.

Ndipo Mama Nafula akasema nyuma yangu, "Wekesa, zima hiyo taa. Unamaliza mafuta na jua iko."

Watu wakaangua kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko kingine. Mwanamke mmoja akapita mbele yangu na chupa yake, akaiweka mezani: "Nipimie." Yule mzee wa bakora akamfuata. Nikazima taa. Mama Nafula alikuwa akipima mafuta huku machozi yanamtoka, hayafuti, maana mikono yote ilikuwa kazini. Nami nililia, sioni haya kukuambia.

Soko lilipomalizika niliinama nikamwomba radhi peke yake. "Nimekusamehe," akasema. "Nilikuwa nimeshafunga vitu nirudi kwetu. Lakini usifikiri nitasahau. Kila nikikuona nitakuuliza." Na hajaacha. Nafula, yule binti yake wa kwanza, ni muuguzi hapa Kitale sasa, na pikipiki yake kuukuu naitunza mimi. Mama akija kumtembelea hupita hapa kibandani, mgongo umempinda lakini ulimi uko sawa, na salamu yake ni moja tu: "Fundi, kifuniko inapumua?" Namjibu, "Inapumua, mama." Hucheka, akaketi hapo ulipoketi wewe, tukanywa chai.

Sasa nikupe wasia, mwanangu. Pikipiki yako ya zamani ikikohoa na kuzima njiani, usikimbilie kabureta. Tikisa tangi usikie kama mafuta yapo. Tazama koki ya petroli chini ya tangi iko wazi. Fungua kifuniko usikilize. Ikivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Chomoa mpira unaoshusha petroli kwenye kabureta uone kama inatiririka au inadondoka tu, maana ikidondoka kuna uchafu juu kwenye chujio. Toa plagi, ile inayotoa cheche, uisome rangi: nyeusi yenye majimaji imekunywa mno, nyeupe kavu ina kiu. Ukimaliza hayo ndipo ufungue kabureta, mbali na moto na sigara za marafiki zako, na jeti uipulize. Lakini kabla ya yote jiulize ni kitu gani wewe mwenyewe ulikigusa mwisho. Mara nyingi jibu litakuwa pale, na litakuudhi.

Jambo likiharibika nyumbani au kazini, fuata njia hiyo hiyo. Uliza, usikilize, anza na mkono wako kabla hujamnyooshea mwenzako kidole. Na ukiwa umekwisha kumchafua, usimwombe radhi kichochoroni kwa kosa la sokoni. Rudi pale pale uliposemea, kwa sauti ile ile. Utachekwa, naam. Nilichekwa, na bado natengeneza pikipiki, na wateja wangu wa kwanza baada ya siku ile walikuwa wale wale walionicheka. Kosa lililotubiwa mbele za watu halikuzuii kuendelea na safari.

Mungu akupe sikio lililo jepesi kuliko ulimi. Akufikishe kila uendako, iwe Moi's Bridge au Bumula, na ukizimikiwa njiani akuletee mtu wa kukuambia ukweli na kukupa chai. Jina lako alilinde, na majina ya wenzako yawe salama kinywani mwako. Amina.

Haya, inuka. Weka sikio karibu na tangi, ufungue kifuniko polepole, kisha uniambie unasikia nini.